Konseri nane, mlango mmoja: kwa nini tulimnyamazisha yule mama?

#1 – MkataTiketi (Lubumbashi)

Wakubwa na wadogo, salamu. Nitajaribu kuandika Kiswahili bora ili wenzetu wa Goma, Bukavu na pwani nao wafuate. Kile chetu cha Lubum kikinichomoka, mnivumilie.

Kiangazi chote, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, nilisimama mlangoni pa ukumbi mmoja hapa mjini nikikata tiketi za msimu wa konseri. Jina la ukumbi siliweki, sababu mtaiona. Zilikuwa konseri nane: kwarteti ya nyuzi, trio ya jazi, korale mbili kubwa pamoja, karindula, gita kavu ya Katanga, taarabu, kora (kinubi cha Afrika Magharibi), na piano peke yake. Waliopanga walitaka kila mtu apate chake. Na kwa kweli watu walikuja, mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu vipande vya tiketi kwenye boksi la viatu.

Sasa niwasimulie jioni ya pili, ya kwarteti. Violini mbili, viola, selo. Hakuna maikrofoni, hakuna waya. Walipiga kazi ya mtunzi Dvořák aliyoiandika 1893 akiwa mapumzikoni Marekani, katika kijiji cha Spillville, ile inayoitwa "ya Kimarekani". Mwanzoni kabisa violini zinatetemeka kwa chini kama nyuki mzingani, halafu viola inaingia na wimbo wake. Wimbo wa noti tano tu, do re mi sol la. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango nikajiambia: huu nimeshausikia kwa bibi.

Safu ya nne alikaa mama mmoja wa kitenge cha kijani, kilemba chake cha kitenge hicho hicho. Namkumbuka kwa sababu alilipa tiketi ya elfu tano kwa noti za mia tano, kumi, kila moja imekunjwa mara nne. Nilizikunjua moja moja, foleni ikinuna nyuma yake.

Sehemu ya kwanza ilipoisha, mama akasimama akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, cha harusi kabisa. Papo hapo kijana wetu wa kupanga viti, na tai yake, akamgeukia kidole mdomoni: "Shhh, mama! Bado!" Safu tatu za mbele zikageuka. Mama akakaa. Ikaja sehemu ya pili, ile ya polepole, yenye huzuni inayokushika hapa chini ya koo. Ilipoisha hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Hapo mama akachukua mfuko wake, akainama kama mtu anayepita mbele ya padri, akatoka. Alipofika kwangu nilitaka kumwambia neno, nikalikosa. Akasema tu "Mubakie muzuri", akaingia gizani.

Ajabu ni hii. Wiki tatu baadaye, kwenye jazi, mtu asiyepiga makofi katikati ya wimbo, mpiga saksofoni anapomaliza zamu yake, ndiye anayeonekana hajui. Kwenye taarabu watu wanatoka vitini na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji. Kwenye karindula ukikaa umemtukana mpigaji. Ukumbi ni ule ule, viti ni vile vile, kijana wa tai ni yule yule. Mikono ya watu ijue vipi leo ni siku ya kufanya nini? Nani aliwaambia?

Nauliza kwa dhati, si kwa kulaumu: nyinyi mngefanya nini pale mlangoni?

#2 – Bilulu_Katuba

Mi nasema bila kuzunguka: ile muziki ya kukatazia mutu furaha haiko ya shi, batu ba huku. Karindula njo muziki. Unabeba pipa ya mafuta, unafunga ngozi ya mbuzi juu, unatia muti na nyuzi ine, mutu anakaa yulu yake anapiga, batu banacheza mpaka vumbi inasimama. Hakuna mutu wa tai. Tena ile siku ya karindula mulibakalisha batu ku biti sawa mu kanisa! Nilikuwa pale. Nilicheza na magoti tu.

#3 – FundiPiano

@Bilulu mdogo wangu, umenichekesha na magoti. Ila kijana wa tai naye asihukumiwe bila wakili, ngoja nimtetee kidogo.

Kwarteti haina bafu, yaani spika, wala amplifa. Sauti yote inatoka kwenye mbao nyembamba na nyuzi nne kwa kila mpigaji. Katika ile sehemu ya polepole kuna mahali selo inabaki chini kabisa, karibu na kunong'ona. Mtu wa safu ya kumi akifungua pakiti ya biskuti, basi, amekula biskuti na muziki wa wenzake kumi. Ukimya wa pale hauna uzungu wowote, ni kama wewe kuzima redio mzee akianza kuongea.

Kosa ninaloliona mimi ni jingine: kumnyamazisha mtu *baada* ya sehemu kwisha. Pale hakuna noti iliyokuwa ikilia. Na hii desturi ya kungoja mpaka mwisho kabisa si ya tangu zamani. Mozart mwenyewe, 1778, alimwandikia baba yake kutoka Paris akijisifu kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake, tena aliiandika kwa makusudi akijua pale patawashika. Mwaka 1813 huko Vienna, Beethoven alipotoa simfonia yake ya saba, watu waliishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa. Kwa hiyo mama yako wa kitenge alikuwa msikilizaji wa zama za Mozart. Aliyechelewa ni kijana.

#4 – MkataTiketi

@FundiPiano asante mukubwa. Nimetoa nakala ya maneno yako, kijana wa tai ataipata kesho pamoja na chai.

#5 – KivuYetu (Goma)

Salamu kutoka Goma. Huku tangu 2014 tulizoea tamasha la Amani, pale uwanjani Collège Mwanga. Mtu anasimama kwenye mawe ya volkano na wenzake maelfu, na jukwaa lile lile linapandwa na ngoma za kijijini, rap, rumba, na wageni wa kila aina. Swali lako la mikono halikuwapo kwa sababu hakuna viti. Mkisimama wote, kila mtu anafanya linalomjia. Labda ondoeni viti?

#6 – FundiPiano

Na miaka yangu hii nisimame saa mbili kusikiliza Bach? Mtanizika na programu mkononi.

#7 – PapaEville

Wanangu, mimi ni mtu wa zamani, naandika kwa kidole kimoja, mnisubiri.

Nimesoma "ile muziki haiko ya shi" nikacheka peke yangu. @Bilulu mwanangu, ulizaliwa lini? Mji huu ukiitwa bado Elisabethville, tangu 1937 kulikuwa na korale ya watoto iliyoitwa Chanteurs à la Croix de Cuivre, msalaba wa shaba, ule msalaba wetu uliokuwa pesa ya mababu. Alikuwapo Joseph Kiwele, aliyezaliwa 1912, mpiga ogani na mtunzi. Huyu alitunga misa, na watoto wetu waliiimba kwa sauti nne kabla baba zenu hawajaoa. Ndiye huyo huyo aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga wakati jimbo letu lilipojitenga na Kongo, akawa pia waziri wa elimu, akafa 1961. Siasa zake mtaziongea mahali pengine, mimi naongea ogani.

Halafu mji wa Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransiskani, na kundi lake la wavulana na walimu wao. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, nyimbo za nyumbani, ngoma tu na sauti, na mengi hayakuandikwa popote, waliyatunga palepale mdomoni. Mwaka ule ule wakaenda Ulaya, wakaimba na kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles. Sahani yao ya muziki ilizunguka dunia. Sasa niambieni, ile ni klasiki, ni muziki wa dunia, au ni muziki wa Kamina? Mkinipa jibu, nawanunulia munkoyo.

Na jazi pia. Marehemu baba yangu alimwona Louis Armstrong hapa hapa, mwezi wa kumi na moja 1960. Katanga imejitenga tangu Julai, askari kila mahali, na Armstrong anashuka na tarumbeta lake. Mimi nilikuwa mdogo, nilibaki nyumbani nikilia. Baba aliporudi mama akamuuliza: mulipiga makofi wapi? Akasema: fasi yote.

#8 – Bilulu_Katuba

Papa, nimepiga magoti. Ile ya Kamina nilikuwa nafikiri ni ya Bazungu banaiga shi.

#9 – PapaEville

Ndiyo maana nimeandika kwa kidole kimoja.

#10 – Gita_Kavu

Papa umetaja wote ukamwacha wangu. Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke! Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuwa anapita na mashine yake ya kurekodi, akamkuta pale Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi *Masanga*. Gita moja, kidole gumba na cha shahada, lakini ukifumba macho utaapa wako wawili. Gumba linatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, kidole kingine kiko juu kinaongea na majirani. Mwaka 1969 alikwenda kupiga Newport, Marekani, mbele ya watu wa folk. Alikufa 1990 kwa ajali ya barabarani.

Ile jioni ya gita kavu katika msimu wenu nilikuja. Mpigaji alikuwa kijana mzuri, sitamsema vibaya. Ila mtu wa sauti alimwekea eko kubwa hata gumba likapotea. Gita kavu inaitwa kavu kwa sababu, jamani! Nilitamani nipande nichomoe waya.

Na nijibu swali la uzi: kwa muziki wa Mwenda mikono inafanya nini? Nyumbani kwetu ulisikilizwa na watu wanaokunywa. Wanaongea, wanacheka, halafu kuna mstari mmoja unasikia wote wamenyamaza, bila mtu wa tai. Ukimya ule huwezi kuuamrisha.

#11 – MwanaTanga (Tanzania)

Ndugu zangu wa Kongo, nimeufuata uzi huu tangu asubuhi, kazi imelala. Hivi kweli taarabu imefika Lubumbashi? Ilipokelewaje? Kikundi gani? Kulikuwa na kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi?

Kwetu huku taarabu ina umri. Pale Zanzibar kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Na adabu ya kusikiliza taarabu asilia, nikwambie ukweli @MkataTiketi, iko karibu na ya kwarteti kuliko unavyodhani. Unakaa, unatulia, shairi ndilo linalosikilizwa. Mtu akiinuka kwenda kutuza, mara nyingi amesikia mstari uliomgusa, au anataka fulani aliyekaa pale aone kwamba umemgusa! Ile noti ni jibu. Sasa huyo kijana wa tai alifanyaje watu walipoinuka?

#12 – MkataTiketi

@MwanaTanga karibu kaka. Walikuwa watano tu: kanuni moja, udi, violini, dumbaki na mwimbaji mwanamke. Ile kanuni watu waliisogelea wakati wa mapumziko kama mtoto mchanga. Nyuzi zaidi ya sabini! Mama mmoja akauliza mwenyewe anaitunza saa ngapi na kupika saa ngapi.

Kuhusu kijana wa tai: mwanamke wa kwanza aliyeinuka na elfu kumi yake alizuiwa katikati ya ukumbi. "Mama, rudi ukae." Mwimbaji akaona. Hakukatiza wimbo, alinyoosha tu mkono wake kutoka jukwaani, hivi, kiganja juu, akaendelea kuimba akimtazama yule mwanamke. Kijana akabaki hajui aende wapi, akasogea pembeni akawa anatazama tai yake. Baada ya hapo waliinuka wengi, na mpaka mwisho wa jioni kijana ndiye aliyekuwa anawaangazia njia kwa simu.

Na maneno? Tulishika karibu nusu. Kiswahili chenu kina mafumbo, mtu unacheka baada ya wenzako. Lakini tulishika.

#13 – DadaSoprano

Nimesita sana kuandika kwa sababu kuna jambo nalijua. Nitalisema, lakini kwanza nimalize hasira yangu.

Mabango. Nani alibandika yale mabango? La kwarteti lilikuwa Kifaransa kitupu, chini limeandikwa watu wavae mavazi ya heshima, limebandikwa katikati ya mji tu. La karindula lilikuwa Kiswahili, rangi tatu, limejaa mitaa ya Katuba na Kenya. Yaani mlishatugawa kabla hatujasikia noti moja! Halafu mnashangaa mikono haijui.

Mimi naimba korale tangu nina miaka kumi na miwili. Mnajua nani katika mji huu anasoma muziki? Si wale wa tai. Ni sisi. Kila Jumatano na Ijumaa, baada ya kazi, na daftari la solfa, d na r na m zimeandikwa kwa kalamu, mistari minne kwa kila wimbo. *Aleluya* ya Handel tunaiimba bila karatasi, na fundi wetu wa korale akituamsha usiku tutaiimba tumelala. Ile iliimbwa mara ya kwanza Dublin 1742, na mimi naweza kukuonyesha muuza nyanya wa hapa sokoni anayejua sauti ya teno yote, na ya besi pia akitaniwa. Ukitafuta watu wa kusikiliza kwarteti Lubumbashi, wako kwenye mabenchi ya korale. Wanajua sauti nne ni nini. Mlitakiwa tu kuwaalika kwa lugha yao.

Ndiyo maana ile jioni ya korale mbili ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Na hakuna aliyeuliza makofi wapi.

#14 – FundiPiano

Dada umepiga msumari. Na mimi niseme langu la kazi, maana piano haikutajwa na mimi ndiye niliyeichunguza tumbo.

Watu wanafikiri piano ni kabati lenye meno. Ndani mna nyuzi zaidi ya mia mbili, zikivuta kwa pamoja karibu tani ishirini. Zinategemea ubao mmoja wa sauti ambao unakunywa unyevu na kuutoa. Sisi Lubumbashi tuna mvua kubwa kuanzia Novemba mpaka Machi, halafu mwezi wa sita hewa inakauka kabisa, asubuhi baridi, mchana jua. Ubao unasinyaa, sauti inashuka. Noti ya La ya katikati inatakiwa kutetemeka mara 440 kwa sekunde. Niliyoikuta pale ilikuwa imeshuka mpaka unaisikia bila kifaa, na haikushuka sawasawa: katikati imeshuka sana, juu kidogo. Nikaipandisha kwa siku mbili, nikaweka ndoo ya maji chini, ndani ya kabati lenyewe. Mlinzi akaitoa akaoshea ngazi. Nikarudisha. Akatoa. Mwishowe nikaandika kwenye ndoo: MAJI YA PIANO. Hapo ikabaki.

#15 – MkataTiketi

Hahaha, hiyo ndoo niliiona nikadhani ni ya kipaimara.

Kwa kuwa umefika kwenye kazi, nisimulie ya jazi. Umeme ulikatika nusu saa baada ya kuanza. Tukawasha grupu, yaani jenereta, ambayo iko uani, ukuta mmoja na jukwaa. Mmmmmmm. Watu wakaanza kunung'unika. Mpiga piano akainua mkono, akasikiliza ile grupu kama mtu anayesikiliza mapigo ya mgonjwa, akagusa noti moja, ya pili, ya tatu, akaipata. Noti yenyewe ni "Si-bemoli", akamwambia mpiga besi. Wakaanza bluzi kwenye noti ile ile ya grupu. Dakika kumi nzima mashine inapiga besi bure! Umeme uliporudi na grupu ikazimwa, ukumbi ukasema "aaah" ya masikitiko. Baadaye wakapiga *Take Five* ya 1959, ile yenye midundo mitano. Papa mmoja wa mbele alijaribu kupiga makofi kwa mbili, akajikuta peke yake kila baada ya raundi, akakunja mikono akacheka mwenyewe.

#16 – Mfuko_Mtupu

Samahani nikatize utamu. Msimu huu uliingiza nini? Elfu tano kwa kichwa, wapigaji wanaolala hoteli, petroli ya grupu. Nani alilipa? Akiondoka aliyelipa mwaka ujao mtafanya nini? Naona mnaongea makofi, hakuna anayeongea makuta.

#17 – MkataTiketi

@Mfuko_Mtupu haki yako. Tiketi hazikufika hata nusu ya gharama, hilo boksi langu la viatu linajua. Zilizobaki ni za wafadhili, na mfadhili ni kama mvua. Korale peke yake ilijilipa: wapigaji wa nyumbani, hakuna hoteli, na bamama wa korale waliuza chikanda na munkoyo mlangoni wakatuachia sehemu. Kora, wapigaji wawili, nyuzi 21 kila mmoja, uzuri wa kulia machozi, lakini ndege zao zilikula kila kitu. Sijui jibu. Najua tu kwamba kwarteti ilikuwa watu wanne na haikuhitaji hata balbu moja.

#18 – Bilulu_Katuba

Basi mwaka kesho kwarteti ikuje Katuba, mu parokia. Bila courant. Mi nitabeba biti.

#19 – Gita_Kavu

Huyu si yule wa #2?

#20 – Bilulu_Katuba

Papa Eville alinipiga na Kamina, bado niko chini.

#21 – DadaSoprano

Sasa lile jambo. @MkataTiketi kaa vizuri.

Yule mama wa kitenge cha kijani ni mama yangu mdogo. Ni kiongozi wa alto katika korale yetu, miaka zaidi ya ishirini. Nilimsomea uzi huu jana jioni jikoni akisonga bukari. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Hakuondoka kwa haya. Anasema kijana mwenye tai alikuwa na adabu yake tu, "nayeye iko kazini". Aliondoka kwa sababu ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, na baada ya hapo basi la kurudi Katuba linakuwa la bahati, na moto (pikipiki) ya peke yake usiku inamaliza pesa ya sombe (kisamvu) ya wiki. Alijua tangu anaingia kwamba atasikia nusu. Ndiyo maana alikaa karibu na njia. Konseri ilipangwa saa kumi na mbili na nusu, ikaanza saa mbili kasoro, mnangoja wakubwa wafike na magari yao. Noti zile za mia tano alizikusanya akijua anainunua nusu.

Kitu kilichomuuma ni hiki: hakusikia zilizobaki. Ananiuliza kama kweli katika ile sehemu ya tatu kuna ndege.

#22 – FundiPiano

Yupo! Mwambie mama yupo. Dvořák alikuwa anatembea asubuhi pale Spillville, ndege mmoja akamsumbua kwa kelele, akamwandika. Violini ya kwanza, juu kabisa.

#23 – MwanaTanga (Tanzania)

Mpe mama salamu za Tanga. Nusu kwa bei nzima!

#24 – MkataTiketi

Nimesoma #21 mara tatu. Miezi yote hii nimebeba kile kidole mdomoni kama dhambi yangu, kumbe tatizo lilikuwa saa. Na saa naijua vizuri! Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango. Kila jioni nikiambiwa "ngojangoja kidogo, bado wakubwa wawili". Mlangoni kwangu kila jioni kulikuwa na watu wanaotoka kabla ya mwisho wakiinamisha kichwa, nikafikiri muziki umewachosha. Niliandika hata kwenye ripoti: "baadhi ya watu hawakuzoea". Aibu.

Nimeongea na waliopanga leo mchana. Wale wa kwarteti wako bado mjini, wanafundisha watoto wiki hii. Wamekubali kupiga tena ile ile, Jumamosi, saa kumi alasiri kamili. Padri mmoja wa Katuba ametoa ukumbi wa parokia. Tiketi elfu moja, korale bure. Bango nitaliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, na chini nitaandika: *kigelegele kati ya sehemu na sehemu kinaruhusiwa*.

#25 – FundiPiano

Ongeza: biskuti hapana.

#26 – PapaEville

Saa kumi kamili ya saa, au saa kumi ya Lubumbashi?

#27 – MkataTiketi

Ya saa, Papa. Hata gavana akichelewa atakuta selo imeshaanza.

#28 – DadaSoprano

Mama anasema atakuja na alto zote, ziko kumi na nne. Anauliza kitu kimoja tu: ule wimbo wa viola wa mwanzo, kuna mtu anaweza kumwandikia kwa solfa? Anataka awafundishe Ijumaa, ili Jumamosi wakiusikia wawe tayari wanaujua.

#29 – FundiPiano

Nitamwandikia mimi. Ijumaa saa tisa napita na karatasi. Ila mwambie wasiuimbe pamoja na viola!

#30 – DadaSoprano

Hilo siwezi kuahidi.